Sura ya Tano: Ng'ombe wa Kamba Nyekundu

Inspekta Msaidizi Ghati alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyejibu swali lake.

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Alitaka kujua nani kati yao amewaona ng'ombe kwa macho. Basi. Mabwana mifugo wa mkoa mzima walikuwa wameitwa Shinyanga mjini kwa kozi ya kuongezewa ujuzi, wamejazana na kalamu zao mifukoni, na mbele yao Daktari Valerian, mtafiti wa mifugo kutoka Dar es Salaam, alikuwa amechora ubaoni ng'ombe wawili, mmoja kwa chaki nyekundu, mwingine kwa chaki nyeupe. Yule mwekundu alikuwa amepigwa msalaba. Kila aliyenyoosha mkono alitoa ushauri juu ya ng'ombe wa chaki.

Kesi ilikuwa hivi. Kijiji cha Igalamoto, huko Ushirombo, kilisogezwa ukingoni mwa pori wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na porini kuna ndorobo, yule inzi anayemng'ata ng'ombe na kumwachia ugonjwa wa kukonda mpaka afe. Daktari Valerian alikuwa na sindano mpya ya kukinga ugonjwa huo. Akachagua zizi la mzee mmoja aitwaye Bujiku, mtu wa kuaminika, mwenye zizi lililojaa. Nusu ya ng'ombe wachomwe dawa, nusu wasichomwe, halafu wote walishe pori lile lile, ionekane nani atabaki. Hereni za bati za kuwavalisha masikioni zilikuwa zimekwama bandarini, kwa hiyo daktari akafunga kamba kwenye pembe: nyekundu kwa watakaochomwa, nyeupe kwa wasiochomwa. Akafunga, akaondoka. Kesho yake bwana mifugo wa kata, Marselino, akafika na sanduku la dawa, akawachoma wa kamba nyekundu.

Baada ya hapo wa kamba nyekundu wakaanza kufa. Walikwisha kufa kumi na mmoja. Wa kamba nyeupe, hata mmoja hakuyumba.

Daktari alisema dawa yake ni nzuri, imejaribiwa kwingine, kwa hiyo kilichoingia kwenye shingo za ng'ombe wale hakikuwa dawa. Marselino ameiuza, kisha akajaza chupa maji ya kisima. Ndiyo maana Marselino alikuwa mahabusu, na Jumatatu angepakiwa kwenye gari kwenda Tabora kusomewa shtaka la wizi wa mali ya umma. Ghati alijua safari hiyo ikoje. Mtu akishasomewa shtaka la namna ile, hata akija kuonekana hana kosa, kazi yake inakuwa imeshapewa mtu mwingine na jina lake limeshaoza.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Bwana mifugo mmoja mnene kutoka Maswa alisema yeye anaona dalili za kimeta. Daktari akamuuliza ameziona wapi dalili. Akasema kwenye maelezo. Mwingine akashauri mizoga ichomwe moto, na mwenzake akamkumbusha kwamba nyama ilishaliwa zamani. Wa tatu hakuwa na ushauri, alitaka kujua posho ya jana. Ukumbi ukacheka, na Ghati akaangalia dari.

Zipora, mwanamke pekee kati ya mabwana mifugo wale, akauliza utajuaje kwamba ng'ombe amechomwa dawa kweli. Hapo daktari akachangamka. Akasema dawa hii ina ukali, mahali ilipoingia panaacha uvimbe mgumu ngozini, mkubwa kama kokwa la embe, na unakaa miezi. Na hapo ndipo penye ushahidi, akasema, huku akigonga meza. Marselino mwenyewe, alipopasua mizoga, aliandika kwamba hakukuta uvimbe hata kwa mmoja.

Ghati akasimama.

"Aliandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Daktari, mwizi gani anajiandikia ushahidi wa kumfunga?"

Daktari Valerian akasema hiyo ni kazi ya polisi, si ya sayansi. Ghati akauliza basi la sayansi: ng'ombe waligawanywaje? Daktari akaeleza kwamba alisimama mlangoni mwa zizi asubuhi, nusu ya kwanza kutoka akawafunga nyekundu, nusu ya mwisho nyeupe. Zipora akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba chuoni walifundishwa kugawa wanyama kwa kura. Daktari akasema muda umekwisha, waende chai.

Alipoulizwa kama amerudi Igalamoto tangu siku ile, alisema hakuna petroli.

*

Petroli ya Ghati ilitoka kwa kumbembeleza mkuu wa kituo mpaka akachoka. Dereva alikuwa Konstebo Mageni, Msukuma wa Ngokolo, mtu mzima mwenye tumbo lake, ambaye angekuwa pia mkalimani, maana Ghati alikuwa Mkurya wa Tarime na Kisukuma chake kilikuwa cha kusalimia tu. Mageni alikuwa na tabia ya kutofunga mdomo barabarani na kuufunga pale unapohitajika.

Njiani Ghati alirudia kichwani maneno ya Marselino. Alikuwa amemhoji mara tatu. Mara zote mtu yule alisema jambo lile lile, tena kwa hasira, si kwa woga: dawa ilikuwa dawa, aliipima mwenyewe, akachoma upande wa kushoto wa shingo, kila mwenye kamba nyekundu, na mmoja akampiga teke la goti ambalo mpaka leo linauma. Kama hawakuwa na uvimbe, hajui kwa nini. Aliandika alichokiona. Angeandika nini kingine?

Kilichomwangusha ni chupa. Siku alipokamatwa, chupa za dawa ile zilikutwa Kahama, kwenye duka la Jafferali, mfanyabiashara wa ngozi na vifaa. Mpelelezi wa kwanza hakutaka kusikia zaidi. Chupa ziko kwa Mhindi, kwa hiyo dawa imeuzwa kwa Mhindi. Akafunga jalada akaenda likizo.

Jafferali alimpokea Ghati kwa uso wa mtu aliyechoka kupekuliwa. Hakungoja kuulizwa. Alifungua kabati, akaziweka chupa kwenye meza moja moja. Zilikuwa zimejaa mafuta ya cherehani.

"Mama Inspekta, nusa," akasema. "Mwenzako alinusa, akasema hii ni dawa. Nikamwambia, bwana, hii naipaka kwenye singa, cherehani ya mke wangu Induben, ashone magauni. Akasema nitaeleza mbele."

Ghati akanusa. Mafuta ya cherehani. Jafferali akasema Marselino humletea chupa tupu kila akipita, kwa sababu zina kifuniko kizuri cha mpira, naye humpa sukari kidogo pakiwa na sukari. Kama hiyo ni biashara ya dawa, basi na wanaomletea debe tupu wakamatwe.

Huo ndio mwisho wa chupa. Mchana mzima na nusu tanki la petroli, kwa ajili ya mafuta ya cherehani. Ghati alimwangalia Mageni, Mageni akaangalia mizani ya ngozi.

Alikuwa ameshafika mlangoni Jafferali alipoanza kulalamika juu ya jambo lake. Alisema watu wote wanamwona yeye tajiri, kumbe msimu huu godauni liko wazi. Amesikia ng'ombe wanakufa Igalamoto, akamtuma mtu wake na chumvi, kama desturi, akanunue ngozi. Mtu wake amerudi mikono mitupu. Ng'ombe kumi na mmoja wamekufa kwenye zizi moja, na hakuna ngozi hata moja iliyoingia sokoni. Si kwake, si kwa mfanyabiashara mwenzake Mohamedali, si kwa yeyote.

"Labda bei yako mbaya," akasema Mageni.

"Bei yangu mbaya tangu baba yake Bujiku, na siku zote ananiuzia."

Ghati akarudi ndani akakaa. Akamuuliza tena, taratibu, na jibu likawa lile lile. Mtu asiyeuza ngozi ya ng'ombe aliyekufa, na kodi iko mlangoni, ana sababu.

*

Walilala misheni Ushirombo, asubuhi wakafika Igalamoto. Mzee Bujiku alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake akisuka kamba ya katani, mrefu, mkavu, kofia imepauka. Ghati akamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba mayu, yaani mama, kisha mwadila na Mageni, salamu ya Kisukuma, na mwadila ile ikaenda mbali. Waliulizana habari za watoto, mvua, ndugu wa Ngokolo, mpaka mbwa. Ghati alisubiri. Kwao Tarime nako salamu haikatwi, lakini kwao walau wanazungumza wakitembea.

Akaanza na maswali ya jalada. Je, mzee alimwona Marselino akiwachoma ng'ombe wa kamba nyekundu? Mageni akauliza. Bujiku akajibu maneno marefu, akionyesha zizi, akionyesha jua, akishika shingo yake mwenyewe.

"Anasema ndiyo," akasema Mageni.

"Hayo yote ni ndiyo?"

"Mengine ni maelezo, afande."

Ghati akavuta pumzi. Akamwambia Mageni kwamba kuanzia sasa hata mzee akikohoa atafsiri. Akauliza kama Marselino aliwachoma wengine wasio na kamba nyekundu. Hapana. Kama aliacha hata mmoja mwenye kamba nyekundu. Hapana. Kila jibu lilimsukuma Marselino hatua moja kwenda Tabora, na mzee aliyajibu yote akiitazama kamba aliyokuwa anasuka.

Ndipo Ghati akauliza ngozi ziko wapi.

Mikono ya Bujiku ikasimama. Aliyejibu ni mkewe, Mbuke, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni. Alikuwa na Kiswahili safi cha kusoma kwa masista, na muda wote huo alikuwa amekificha.

"Zimekwenda kwa wenyewe," akasema.

"Wenyewe akina nani?"

"Wenye ng'ombe. Ng'ombe wa mtu akifa kwako, ngozi yake huiuzi. Unaipeleka kwake aione, ajue amekufa kweli, hukumuuza wala hukumla kwa siri. Wewe kwenu hamfanyi hivyo?"

Ghati alijisikia kujipiga kofi. Kwao walifanya hivyo hivyo. Baba yake mwenyewe hakuweka ng'ombe wake wote zizi moja hata siku moja. Mwenye mali huwagawa, watano kwa rafiki, watatu kwa shemeji, ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki. Anayewatunza anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki kuwa wa mwenyewe. Jalada zima lilikuwa limeandika "ng'ombe wa Bujiku", kwa sababu walilala kwa Bujiku.

"Wote kumi na mmoja walikuwa wa watu?"

"Wote."

"Na wa kwenu waliokufa?"

Mbuke akapepeta kwanza, makapi yakaenda.

"Wa kwetu hawajafa."

Ghati akasimama bila kuaga, akaenda zizini. Ndorobo hamuulizi ng'ombe baba yake nani. Kama ugonjwa umechagua, basi kuna aliyeuchagulia. Akawauliza wachungaji waliokuwa zizini, Mageni akitafsiri ng'ambo ya ua, na jibu likawa la wazi kwa kila mtu isipokuwa kwa serikali: ng'ombe wa watu hulala upande wa mlangoni na hutoka kwanza asubuhi, wapate majani mabichi, mwenyewe akija asiseme wake wanalishwa mabaki. Daktari alisimama mlangoni akafunga nusu ya kwanza. Akawafunga nyekundu ng'ombe wa watu, wote, na nyeupe wa Bujiku, wote, wala hakujua.

Akamshika pembe jike mmoja mwenye kamba nyeupe, akapitisha kiganja upande wa kushoto wa shingo. Kidole kikagonga kitu kigumu. Kama kokwa la embe.

Akamshika wa pili mwenye nyeupe. Kokwa. Wa tatu, kokwa. Mageni naye akaingia, akashika, akasogea kwa mwingine akashika. Kisha Ghati akamwendea mmoja wa waliobaki wenye kamba nyekundu, mbavu zake nje, manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi. Shingo ilikuwa laini, haina kitu.

Waliochomwa walikuwa na kamba nyeupe. Waliovaa nyekundu hawakuwahi kuonja sindano.

*

Alirudi kwa mzee akakaa chini, mbele yake, siyo kwenye kiti alicholetewa. Akamwambia Mageni atafsiri neno kwa neno, asiruke hata moja.

"Baba, nani alizibadilisha kamba?"

Bujiku akaiweka kamba ya katani chini. Akasema kwa utulivu, na safari hii Mageni akamfuata polepole.

"Anasema, daktari alifunga nyekundu kwa ng'ombe wa watu. Yeye akanyamaza, mgeni habishiwi mbele za watu. Jioni akafikiri. Dawa hii ni ya kujaribia, daktari mwenyewe amesema. Ng'ombe wa mtu ukimpa dawa ya kujaribia bila mwenyewe kujua, akifa, utampelekea ngozi na maneno gani? Wenyewe wako mbali, na sindano ni kesho. Akasema heri wafe wake. Akafungua nyekundu akawavika wa kwake, nyeupe akawavika wa watu."

"Halafu?"

"Marselino akaja akachoma wa kamba nyekundu, kama alivyoagizwa."

"Halafu?"

"Halafu alipoondoka, mzee akarudisha kamba kama zilivyokuwa."

Ghati akafumba macho, akayafumbua. "Alirudisha kwa nini?"

Swali lilipotafsiriwa, Bujiku alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayeuliza kwa nini chungu cha kuazima kinarudishwa.

"Anasema kamba si zake, ni za daktari. Daktari alizifunga pale, akirudi azikute pale."

Kuku walipita kati yao. Ghati alitamani kucheka na kupiga kelele kwa pamoja, akashindwa yote mawili. Mtu amewadanganya wote kwa uaminifu. Ameheshimu mali ya watu, ameheshimu kamba za daktari, na katikati ya heshima hizo mbili amemtia mtu mahabusu.

Akauliza kwa nini hakusema polisi walipokuja. Bujiku akajibu kwamba waliuliza kama wa kamba nyekundu walichomwa, naye akasema ndiyo, na ilikuwa kweli. Hapo Mbuke akauweka ungo chini.

"Mwambie yote, baba Klara. Au niseme mimi."

Akasema Mbuke mwenyewe. Wa watu walipoanza kufa na wa kwao wakasimama, mzee ndiye wa kwanza kuona kwa macho kwamba dawa ni nzuri. Ndipo ulimi ukawa mzito. Alikwisha kupeleka ngozi kwa wenyewe, akawaambia ugonjwa wa ndorobo, wakampa pole, naye akaondoka salama. Wakisikia leo kwamba dawa ilikuwepo, na aliyepona nayo ni ng'ombe wa Bujiku, nani ataamini habari ya kamba?

"Watasema amewakinga wa kwake, wa watu akawaacha wafe," akasema Mbuke. "Watakuja kuchukua wa kwetu, mmoja kwa mmoja, na wazee watawapa haki. Mimi nalijua hilo. Lakini kila siku namwambia, mtu yuko ndani kwa ajili ya kamba zako."

Ghati hakumtishia mzee. Alimwambia tu ilivyo: Jumatatu Marselino anapelekwa Tabora, na akishapelekwa, yeye Ghati hana la kufanya tena, jalada linakuwa la wengine. Kinachotakiwa ni mzee aseme maneno haya haya mbele ya daktari, kwa sababu daktari ndiye mlalamikaji. Hakumwahidi kitu juu ya wenye ng'ombe. Hakuwa na cha kuahidi.

Bujiku akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake jeusi na fimbo mkononi. Akalipita gari upande wa nyuma, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti cha Ghati.

*

Jumatatu asubuhi kozi ilikuwa ndiyo inafungwa. Ghati aliingia ukumbini na Bujiku kabla ya hotuba, akamwambia daktari kwamba amemletea mtu aliyewaona ng'ombe.

Mzee akasema yote. Mageni akatafsiri yote, hata kikohozi. Alipofika kwenye kurudisha kamba, bwana mifugo wa Maswa akashika kichwa. Daktari Valerian hakucheka. Alisimama karibu na ubao, ng'ombe wake wawili nyuma yake, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba utafiti umeharibika. Masharti yamevunjwa. Matokeo haya hayawezi kuandikwa popote.

Zipora akasimama bila kunyoosha mkono. Akasema kwa heshima kwamba yeye haoni kilichoharibika. Waliochomwa wako hai, wasiochomwa wanakufa. Kilichokosewa ni rangi.

Daktari akasema sayansi si hivyo. Haiwezekani mfugaji ajigawie.

"Wewe uligawa kwa mlango," akasema Ghati. "Ukaondoka, hukurudi. Ukaletewa maandishi ya mtu aliyeandika alichokiona, ukayatumia kumfunga. Nenda Igalamoto ukashike shingo, au nenda kaunta ukaondoe malalamiko yako. Gari la Tabora linatiwa mafuta sasa hivi."

Ilimchukua daktari muda. Alifuta miwani, akamtazama Bujiku, akamtazama Zipora, akaomba aelezwe tena uvimbe ulikuwa upande gani. Kushoto, akasema Ghati. Wangapi? Wote aliowashika, na Mageni ameshika wengine. Daktari akachukua kitambaa akafuta ubao, ng'ombe mwekundu na mweupe wakawa vumbi moja. Kisha akatangulia kutoka.

Kituoni alitia sahihi bila kusoma. Marselino akatolewa, amekonda, ndevu zimeota ovyo, anachechemea kwa lile goti. Sajini wa kaunta akamrudishia mkanda, viatu na kamba zake za viatu. Ghati akamweleza kwa kifupi, akitegemea labda ahsante, labda matusi kwa daktari, ambayo asingeyazuia.

Marselino alisikiliza akiwa ameshika viatu mkononi.

"Waliobaki wa kamba nyekundu," akasema. "Wako hai?"

"Jumamosi walikuwa hai."

"Wamechomwa?"

Ghati alimgeukia daktari, daktari akamgeukia Zipora aliyekuwa amewafuata, na ikawa dhahiri kwamba katika kozi nzima, na ushauri wote ule, na petroli yote ile, hakuna aliyefikiria kuwachoma sindano ng'ombe waliobaki. Hata yeye Ghati, aliyemshika mmoja shingo kwa kiganja chake.

Marselino akaomba sanduku lake. Daktari akalileta mwenyewe kutoka kwenye gari la kozi, lina barafu na chupa nzima, akamkabidhi kwa mikono miwili, na hiyo ndiyo radhi pekee aliyoweza.

Ndipo Bujiku akaongea. Sentensi moja, fupi. Mageni hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Afande, tafadhali usikasirike."

"Mageni."

"Amesema bado. Hao ni ng'ombe wa watu, na wenyewe hawajaambiwa. Anataka tupite kwao kwanza, kila mmoja, yeye awaambie habari ya kamba kwa mdomo wake, halafu wakikubali ndiyo wachomwe. Anasema kosa la kunyamaza ameshalifanya mara moja."

Daktari alifungua mdomo. Ghati akamnyamazisha kwa jicho. Akamtazama mzee, aliyesimama na koti lake jeusi kwenye jua, anayekwenda kuwafungulia watu njia ya kuja kuchukua ng'ombe wake, na hasira aliyokuwa nayo tangu Ijumaa haikupata pa kukaa.

Akauliza wa kwanza anakaa wapi. Bujiku akaonyesha kwa fimbo upande wa magharibi, akasema ni karibu. Ghati alikuwa amekaa Usukumani miaka ya kutosha kujua karibu ni nini. Akaingia ndani kwa mkuu wa kituo kuomba petroli nyingine, na sauti zao zikasikika mpaka uani.

Alipotoka na kibali mkononi, mzee alikuwa ameshakaa kiti cha mbele. Marselino alikuwa nyuma, viatu havina kamba, sanduku la dawa amelipakata mapajani ili lisitikiswe na barabara.